Kijana Asiye na Barua ya Chuo

Mwanafunzi wa chuo akiingia kwenye ofisi au karakana mjini Babati kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, huwa ameshika barua. Chuo kimemtambulisha, msimamizi atakuja kumkagua, na mwenyeji anajua ataanza lini na kuondoka lini. Kijana wa Maisaka, mjini humohumo, aliyeishia kidato cha pili, anayebeba magunia kwenye maghala msimu wa mbaazi ili wadogo zake wale, hana barua ya mtu yeyote. Huenda ana akili na bidii kumzidi mwenzake. Alichokosa ni wa kumsemea.

Mpango wowote wa kuwapeleka vijana wa namna hii kazini una wajibu wa kwanza wa kuwa huyo msemaji. Mengine yanafuata.

Tukisema "kampuni", wengi hufikiria maghorofa ya Dar es Salaam. Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa ulipoanzishwa mwaka 2002, lakini waajiri wake wengi ni gereji, mafundi wa kuchomelea, mashine za kukamua alizeti, maduka ya pembejeo, saluni na nyumba za wageni, pamoja na taasisi za umma kama mamlaka ya maji, BAWASA. Fundi mwenye wasaidizi watatu hana afisa utumishi. Yeye mwenyewe ndiye mhasibu, msimamizi na mwalimu. Ukimpelekea vijana kumi na fomu ya kurasa nane, atakukwepa, na atakuwa na haki. Mpelekee mmoja, kwa miezi mitatu, na makubaliano ya ukurasa mmoja: atafundishwa stadi zipi, atafanya kazi saa ngapi, nauli na chakula cha mchana vinatoka kwa nani. Serikali ilitoa miongozo ya uanagenzi na ya mafunzo ya uzoefu kazini mwaka 2017, kwa hiyo hakuna haja ya kubuni kila kitu upya.

Hiyo nauli na chakula si jambo dogo. Kijana asiyekula mchana ataondoka mapema tu, arudi kwenye kibarua kinacholipa jioni hiyohiyo. Kwa sababu hiyohiyo nisingeanzisha mafunzo wakati wa mavuno ya mbaazi, Agosti na Septemba, familia zinapomhitaji zaidi.

Mbali na mwajiri, kijana huyu anahitaji mlezi wa kujitolea wa kumshauri. Hapa ndipo mipango mingi hufanya mambo juujuu: hutafutwa mtu mashuhuri, anatoa hotuba siku ya uzinduzi, basi. Utafiti kutoka Uganda unaonyesha njia nyingine. Livia Alfonsi, Mary Namubiru na Sara Spaziani waliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vya ufundi waliokaribia kuhitimu na vijana waliowatangulia, ambao tayari walikuwa na kazi. Miezi mitatu baadaye, ushiriki wa wanafunzi hao katika soko la ajira ulikuwa juu kwa asilimia 27 ukilinganisha na wenzao wasio na walezi. Baada ya mwaka, kipato chao kilikuwa kimezidi kwa asilimia 18. Na siri haikuwa kutafutiwa kazi. Walezi waliwaambia ukweli: malipo ya kwanza ni madogo, yavumilie, yatapanda. Wanafunzi wengi walikuwa wakitarajia mshahara usiokuwepo, na mwenye matarajio hayo huikataa kazi ya kwanza ambayo ingemfungulia ya pili.

Kwa hiyo Maisaka haihitaji walezi wakubwa. Inamtosha fundi umeme aliyeanza kwa kumbebea mwenzake ngazi, muuguzi, karani wa benki, mhudumu wa hoteli aliyepanda cheo. Aliyepita njia hiyo karibuni ndiye bora. Ila asiwe bosi wa kijana wala ndugu wa bosi, maana malalamiko kuhusu karakana hayapelekwi kwa mwenye karakana.

Kwa wasichana hili lina uzito wa pekee. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa, lakini sheria itamsaidiaje binti asiye na mtu wa kumweleza? Na mlezi naye achunguzwe: atambuliwe na ofisi ya mtaa, alete wadhamini wawili, akutane na kijana mahali pa wazi, kamwe si nyumbani kwake. Asimkopeshe fedha, asimpeleke kumlimia shamba.

Yako pia mambo ya kumaliza kabla ya siku ya kwanza. Kijana wa chini ya miaka 18 asiwekwe kwenye kazi za hatari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza. Suala la fidia akiumia lijadiliwe mapema na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, lisingoje mpaka mashine ikate kidole.

Linabaki suala la cheti. Utafiti mwingine wa Uganda, uliochapishwa mwaka 2020, ulilinganisha waliofunzwa chuoni na waliofunzwa moja kwa moja kazini. Makundi yote mawili yalifaidika, lakini wa chuoni waliendelea vizuri zaidi kadiri miaka ilivyokwenda, kwa kuwa cheti chao kilisomeka kwa mwajiri mwingine. Aliyejifunza gereji alikuwa fundi machoni pa bosi wake tu. Kwetu dawa ipo: Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, yenye chuo mjini Babati, huwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunzia ufundi kazini, kwa utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Fedha za fulana na sherehe za kufunga mafunzo zilipie upimaji huo.

Wewe mwenye karakana Maisaka, na wewe uliyeajiriwa mjini ukiwa na saa moja ya kutoa kila wiki, msisubiri mfadhili. Nendeni kwa mtendaji wa mtaa, mwombeni awatajie kijana mmoja, muandike ule ukurasa mmoja, na aanze Jumatatu.