Kuku Huyu ni Mbegu Gani?

Sokoni Mpanda majina ya kuku hayakawii kutolewa. Mweusi anayeng'aa ni Malawi. Mrefu aliyesimama wima ni Kuchi. Mwekundu mzito ni Sasso, na mwenye mwili mkubwa na rangi za mchanganyiko ni Kuroiler. Jina likishatajwa, bei nayo inapanda. Mnunuzi anarudi Nsimbo au Inyonga na jogoo wake ndani ya tenga, moyoni akijua amepata mbegu, na miezi kadhaa baadaye vifaranga wanatoka kila mmoja na sura yake.

Muuzaji si lazima awe tapeli. Alichosema kuhusu rangi na kimo cha yule jogoo kilikuwa kweli. Shida ni kwamba sura ya kuku hutokana na jeni chache tu kati ya maelfu aliyonayo, na kila moja ya hizo chache inaweza kuhama peke yake kutoka kwa kuku wa mbegu fulani hadi kwa kuku wa jirani, ikabaki huko vizazi na vizazi hata baada ya mbegu yenyewe kusahaulika. Ndiyo maana kuku wa uani husomwa kiungo kwa kiungo. Anayejua kila kiungo kinasema nini hujua pia kile ambacho hakiwezi kusema.

Mgeni wa zamani

Kanga wanaovuka barabara karibu na Sitalike, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ni wenyeji wa Afrika. Kuku ni mgeni. Mwaka 2020 watafiti waliochambua jenomu 863 walionyesha kuwa kuku wa kufugwa anatokana na kuku pori mwekundu wa ukanda wa kusini magharibi mwa China, kaskazini mwa Thailand na Myanmar. Alifika pwani yetu kwa vyombo vya Bahari ya Hindi, na mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyokuwa na shughuli tangu karne ya 7. Hata leo DNA ya upande wa mama ya kuku wa kienyeji wa Tanzania huangukia katika makundi makubwa mawili: moja lina ndugu zake Bara Hindi, jingine lina ndugu zake Kusini Mashariki mwa Asia.

Huku bara, njia za watu ndizo zilizokuwa njia za kuku. Katika karne ya 19 misafara ilipita kati ya Tabora na Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kufikia 1950 reli ya tawi kutoka Kaliua ilikuwa imefika Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Miaka ya 1970 wakimbizi kutoka Burundi walipewa makazi Katumba na Mishamo, na Wasukuma nao wakaendelea kushuka na mifugo yao. Kaya inayohama haiachi kuku nyuma. Kwa hiyo katika mkoa huu wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ua mmoja wa Mkonongo au Mpimbwe unaweza kuwa na damu ya kuku wa pande nne za nchi, na sura zao hazifuati mpaka wowote.

Kichwani na shingoni

Anza na upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani. Kiungo hiki kina nafasi yake katika historia ya sayansi: mwaka 1902 William Bateson wa Cambridge aliutumia upanga wa kuku kuonyesha kuwa kanuni za urithi ambazo Mendel alizigundua kwenye njegere zinafanya kazi kwa wanyama pia. Upanga wa kawaida ni mmoja, umesimama na una meno. Upo mwingine mdogo, uliolala, wenye mistari mitatu ya vinundu. Wa tatu ni mpana na bapa, wenye chunusichunusi juu na ncha kwa nyuma. Kuku akirithi hiyo miwili ya mwisho kwa pamoja, anapata upanga wa nne, uvimbe wa mviringo wenye mikunjo.

Upanga mdogo wa vinundu hutokana na badiliko moja ndani ya jeni iitwayo SOX5, lililobainishwa mwaka 2009. Nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha. Kuchi huwa na upanga mdogo wa namna hiyo, kwa hiyo ukiuona kwa kuku wa Mpanda una haki ya kudhani kuna Kuchi mahali fulani nyuma yake. Nyuma kiasi gani, upanga hausemi. Huenda ni baba, huenda ni babu wa babu, na mwili wote uliobaki ukawa wa kuku mwingine kabisa.

Shingo uchi inasema zaidi kidogo. Mkamate kuku wa kishingo na umtazame mbele, chini ya koo, pale shingo inapokaribia kifua. Ukiona kishada cha manyoya kimebaki peke yake kwenye ngozi nyekundu, huyo amerithi jeni ya shingo uchi kutoka kwa mzazi mmoja. Kama shingo yote ni tupu, au yamebaki manyoya mawili matatu tu, amerithi kwa wazazi wote wawili. Kipimo hiki hakihitaji maabara. Wa kwanza, akipandana na kuku wa shingo ya kawaida, kwa wastani nusu ya vifaranga watatoka na shingo uchi. Wa pili atawatoa wote hivyo, na utawatambua siku ileile ya kuanguliwa.

Jeni hiyo hupunguza manyoya ya mwili mzima, kwa takribani asilimia 20 hadi 40 kutegemea idadi ya nakala, na joto la mwili hupata njia ya kutoka. Katika jua la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, hiyo ni faida halisi: kuku anaendelea kula wakati wenzake wamelala kivulini wakihema midomo wazi. Lakini kishingo si mbegu. Jeni yake iko kwa kuku wa kienyeji wa Afrika na Asia, na iko pia katika baadhi ya kuku wa kampuni ya Sasso ya Ufaransa. Mwekundu mwenye shingo uchi anaweza kuwa mjukuu wa yeyote kati ya hao. Hali ni hiyohiyo kwa kidimu, ambaye manyoya yake yamejipinda kurudi nyuma: badiliko moja katika jeni ya protini ya unyoya linatosha kumpa sura hiyo.

Puliza manyoya, geuza nyayo

Sasa mlaze kuku ubavu, umpulize manyoya ya kifuani mpaka ngozi ionekane. Itakuwa nyeupe au ya manjano, na miguu kwa kawaida itafuata. Weupe ndio unaotawala. Kuku wa manjano amepata jeni ya rangi hiyo kwa baba na kwa mama, na wanasayansi waliifuatilia mwaka 2008 wakakuta haikutoka kwa kuku pori mwekundu. Ilitoka kwa binamu yake wa kijivu anayeishi India. Wazazi wawili wenye miguu myeupe wanaweza kuzaa kifaranga wa miguu ya manjano bila jirani kulaumiwa.

Manjano yenyewe hutoka kwenye chakula. Mahindi yetu ni meupe, hivyo kuku wa Katavi huipata rangi hiyo kwenye majani na wadudu anaochakura. Mtetea anayetaga sana huipeleka kwenye kiini cha yai, na miguu yake hupauka kadiri wiki zinavyopita. Miguu iliyopauka kwa mtetea wa aina ya manjano mara nyingi ni habari njema.

Hapa ndipo unapoweza kumpima huyo anayeitwa Malawi. Asili yake ni Australorp mweusi, kuku aliyeendelezwa Australia kutokana na Orpington wa Uingereza, kisha akasambazwa vijijini Malawi kwa miongo mingi kabla ya kuvuka mpaka kuja kwetu. Australorp wa kweli ana upanga mmoja wenye meno, manyoya meusi yanayong'aa kijani, miguu ya kijivu iliyoiva, na nyayo nyeupe. Mgeuze utazame chini ya vidole. Nyayo zikiwa za manjano, damu nyingine imeingia. Zikiwa nyeupe, hujathibitisha kitu bado, maana kuku wengi wa kienyeji wana nyayo nyeupe pia. Alama ya mwili hukanusha kwa urahisi kuliko inavyothibitisha.

Rangi ya manyoya, ambayo ndiyo tunayoitazama kwanza, ndiyo yenye ushahidi hafifu kuliko zote. Weusi wa mwili mzima hutawala rangi nyingine nyingi, kwa hiyo jogoo mmoja mweusi aliyepita kijijini anaweza kuacha wajukuu na vitukuu weusi kila ua, wengi wao wakiwa na robo tu ya damu yake au pungufu ya hapo.

Majina yenye uzito

Je, mbegu za kienyeji hazipo? Zipo aina zinazotambulika, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, wamezipima kwa miaka mingi. Kuchi ni mrefu, ana mdomo mfupi uliopinda, manyoya machache na mwili wa kupigana. Jogoo wake hukaribia kilo 3. Ching'wekwe wa Morogoro na Dodoma ana miguu mifupi. Singamagazi wa Tabora, aliye jirani zaidi na Mpanda kwa njia ya reli, ni mkubwa na majogoo wake ni wekundu. Hata hivyo, ndani ya kila aina kuku hutofautiana sana, kwa sababu hakuna aliyewafungia wapandane wao kwa wao. SUA na Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwajaribu Kuchi, Ching'wekwe na kuku wa Morogoro kwa virusi vya kideri. Uwezo wa kustahimili ulionekana kurithiwa kwa kiasi, nao unaongozwa na jeni nyingi zilizotawanyika. Hakuna hata moja kati ya hizo unayoweza kuisoma kwenye upanga au unyoya. Kuku wa sura yoyote bado anahitaji chanjo yake ya matone ya jicho.

Kuroiler ndiye anayewachanganya wengi zaidi. Alitengenezwa India na kampuni ya Keggfarms mwanzoni mwa miaka ya 1990, akafika Uganda na baadaye Tanzania, ambako yeye na Sasso walijaribiwa kwa wafugaji wadogo katika mradi ulioongozwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo. Rangi zake za mchanganyiko ziliachwa makusudi ili mnunuzi wa kijijini amwone kuwa wa kwao. Kumtambua kwa rangi ni kazi bure. Na kwa kuwa ni chotara, hata Kuroiler halisi hazai Kuroiler: uzito na utagaji hupungua kwa watoto wake, na maumbo yanatawanyika.

Tabia husaidia pale macho yanaposhindwa. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka kwa sababu husimama kila mara kuatamia na kulea. Chotara wa kibiashara hutaga zaidi ya mara mbili ya hapo na kwa kawaida haatamii. Kuku mkubwa wa rangi za mchanganyiko anayelala juu ya mayai yake siku 21 bila kuchoka anakueleza kuwa huenda sehemu kubwa ya damu yake ni ya kijijini.

Mfugaji anayetaka kununua jina basi ana njia moja ya uhakika, nayo inataka subira. Aombe kumwona mama wa jogoo na ndugu zake waliozaliwa naye. Ampandishe kwa matetea wa mbegu hiyohiyo, mbali na majogoo wa jirani. Kizazi cha kwanza kinaweza kufanana na baba kwa sababu tu jeni zake zinatawala. Awapandishe vifaranga hao, lakini kwa kuku wa mbegu hiyo waliotoka ukoo mwingine, asije akapandisha ndugu kwa ndugu. Wajukuu wakitoka bado na upanga uleule, nyayo zilezile na kimo kilekile, hapo jina linastahili bei yake.