Ukaazi wa Kudumu Ujerumani: Haki Inayojengwa Mwezi kwa Mwezi

Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tuliangalia milango ambayo vijana wa Afrika Mashariki huingilia Ujerumani: kulea watoto kwenye familia za wenyeji, huduma ya kujitolea, mafunzo ya uuguzi na ufundi, vyuo vikuu, na ajira za wataalamu. Vibali vyote vinavyotolewa kwenye milango hiyo vina tarehe ya mwisho. Leo tunazungumzia kibali kisicho na tarehe hiyo, ambacho kwenye fomu za Kijerumani kinaitwa Niederlassungserlaubnis.

Kwa Mtanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu tarehe 27 Juni 2024, Ujerumani inamruhusu mgeni kuchukua uraia wake bila kuukana uraia wa alikotoka. Mkenya akitimiza masharti anaweza kushika pasipoti zote mbili, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya 2010 inakubali uraia pacha. Mganda naye sheria ya kwao haimfungi. Lakini Tanzania bado haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 2006 inasema uraia wa Kongo haushikwi pamoja na mwingine. Kwa Mtanzania na Mkongomani, basi, ukaazi wa kudumu ndiyo njia ya kutulia ugenini huku ukibaki na pasipoti ya nyumbani.

Faida zake ni kubwa. Mwenye kibali hiki hafungwi tena kwa mwajiri mmoja. Anaweza kubadili kazi, kuhama mji au kufungua duka lake bila kuomba ruhusa. Akifukuzwa kazi, kibali chake hakitetereki kwa sababu hiyo. Na mtoto wake akizaliwa Ujerumani, huku mzazi mmoja ana haki ya ukaazi wa kudumu na ameishi huko kihalali kwa miaka mitano, mtoto huyo anapata uraia wa Ujerumani siku anayozaliwa. Wazazi Watanzania wakumbuke tu kwamba, kwa sheria ya nyumbani, mtoto huyo akifikisha miaka 18 atatakiwa kuchagua. Kitu asichokipata mwenye ukaazi ni kura ya kuchagua bunge. Hiyo ni ya raia peke yao.

Miaka mingapi?

Swali hili ndilo linaloulizwa kwanza kwenye kila mkutano wa diaspora, na jibu lake hutegemea mlango ulioingilia. Kanuni ya jumla inataka miaka mitano ya kuwa na kibali cha ukaazi. Muda wa masomo ya chuo au mafunzo ya kazi huhesabiwa nusu kwenye miaka hiyo mitano, kwa hiyo aliyesoma miaka minne amejiwekea miwili.

Wataalamu wana njia fupi zaidi. Muuguzi au mhandisi aliyesomea nje, ambaye shahada au cheti chake kimetambuliwa Ujerumani, anaweza kuomba baada ya miaka mitatu ya kufanya kazi kwa kibali cha mtaalamu. Muda huo ulikuwa miaka minne mpaka sheria ilipolegezwa Novemba 2023. Aliyehitimu chuo au mafunzo ya kazi ndani ya Ujerumani kwenyewe anahitaji miaka miwili tu ya kibali cha mtaalamu. Mwenye Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, kibali cha wataalamu wa ngazi ya juu, anaweza kuomba baada ya miezi 27 akiwa na Kijerumani cha mwanzo kabisa, au miezi 21 akiwa amefika ngazi ya B1. Aliyeoa au kuolewa na raia wa Ujerumani, na ndoa ikiwa bado ipo, anaomba baada ya miaka mitatu.

Michango ya pensheni

Wengi huhesabu miaka na kusahau kuhesabu michango. Kanuni ya jumla inadai miezi 60 ya kuchangia mfuko wa pensheni. Mtaalamu aliyesomea nje anadaiwa miezi 36, na aliyehitimu Ujerumani miezi 24. Mtu anaweza kuishi miaka saba bila kosa lolote, kisha akakuta ana miezi 40 tu ya michango.

Chukua hati yako ya mshahara uiangalie. Kwenye makato utaona herufi KV, RV, AV na PV: bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa ajira, na bima ya matunzo ya wazee na wagonjwa. Macho yako yaende kwenye RV. Mchango wa pensheni ni asilimia 18.6 ya mshahara, nusu yako na nusu ya mwajiri. Kwenye mshahara wa euro 3,000 kabla ya makato, fungu lako ni euro 279 kila mwezi. Mstari huo ukiwa mtupu, uliza siku hiyohiyo.

Mstari huo huwa mtupu kwa sababu zinazojulikana. Aliyekuja kulea watoto hupewa chumba, chakula na fedha ya mfukoni, na hizo hazikatwi pensheni. Mwenye vibarua vidogo vinavyoitwa Minijob hupewa karatasi ya kuomba asikatwe mchango. Akitia saini anaongeza euro chache mfukoni leo, lakini miezi hiyo haitahesabiwa kama miezi kamili ya michango. Mwanafunzi anayeishi kwa vibarua hivyo afikirie mara mbili kabla ya kushika kalamu. Kwa upande mwingine, miezi ya huduma ya kujitolea ya kijamii huchangiwa yote na taasisi inayomtumia kijana.

Sheria haikuwasahau wanaolea. Muda ambao mzazi ameacha kazi ili atunze mtoto, au kumuuguza mgonjwa nyumbani, unaweza kuhesabiwa. Na kwa wanandoa wanaoishi pamoja, kwenye kanuni ya jumla michango ya mmoja inatosha kwa wote wawili. Akina mama wengi waliobaki nyumbani na watoto hawajui hili, na wanaamini kwamba mlango umefungwa kwao.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfuko wa pensheni wa Ujerumani hukupa bila malipo taarifa ya michango yako yote, mwezi kwa mwezi. Iombe kila mwaka. Ukiona pengo mapema, mwajiri wako wa wakati huo bado anapatikana na kumbukumbu zake bado zipo. Ukiligundua mwaka wa tano, huenda kampuni imeshafungwa.

Lugha, mtihani na nyumba

Ngazi ya Kijerumani inayotakiwa kwa wengi ni B1, yaani uwezo wa kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza mambo ya kila siku. Kozi ya serikali ya kuwaingiza wageni kwenye jamii kwa kawaida ina vipindi 600 vya lugha na 100 vya historia, sheria na maisha ya nchi. Mwishoni kuna mtihani wa maswali 33, ambayo matatu kati yake yanahusu jimbo unaloishi. Maswali yote yanayoweza kutoka yametangazwa hadharani: 300 ya nchi nzima na 10 ya kila jimbo. Majibu sahihi 15 yanatosha kwa ukaazi. Lakini jitahidi upate 17, maana hicho ndicho kiwango cha uraia, na cheti hichohicho kitakufaa ukibadili mawazo baadaye.

Nyumba nayo hupimwa. Kwa kawaida ofisi hutaka mita za mraba 12 kwa kila mtu mwenye zaidi ya miaka sita na 10 kwa mtoto mdogo, na upungufu kidogo huvumiliwa. Kipato kiwe kinaitosha familia bila kutegemea posho ya serikali. Ada ya maombi kwa wengi ni euro 113.

Siku ya kuomba

Peleka maombi kabla kibali ulichonacho hakijaisha. Ukiwahi, sheria inakihesabu kibali chako cha zamani kuwa bado hai mpaka uamuzi utoke, na ofisi hukupa karatasi ya kuthibitisha hilo. Idai karatasi hiyo, kwani mwajiri na mwenye nyumba watataka kuiona. Ukichelewa hata kwa siku chache, unaweza kupoteza kinga hiyo. Angalia pia pasipoti yako. Ikikaribia kuisha, anza kuishughulikia ubalozini miezi mingi kabla, kwa sababu bila pasipoti hai maombi hukwama.

Ofisi za wageni za miji mikubwa zimeelemewa, na kusubiri nusu mwaka au zaidi si ajabu. Tunza nakala ya kila kitu ulichowasilisha pamoja na uthibitisho wa tarehe. Miezi mitatu ikipita bila jibu na bila sababu ya msingi, sheria inakuruhusu kwenda mahakama ya utawala kuomba uamuzi utolewe. Wengi wetu tumelelewa kuogopa kuishitaki serikali. Ujerumani hiyo ni njia ya kawaida ya kudai jibu, na mwombaji haadhibiwi kwa kuitumia.

Kinachoweza kuipoteza haki hii

Kadi ya plastiki ina tarehe ya mwisho na hubadilishwa, lakini haki iliyo nyuma yake haiishi kwa tarehe. Inaweza kufutika kwa kutokuwepo. Ukitoka Ujerumani na usirudi ndani ya miezi sita, kibali cha kudumu cha kitaifa hufa chenyewe, bila barua na bila onyo.

Hapa ndipo ninapowahofia watu wetu zaidi. Chukua mfano wa muuguzi ambaye mama yake ameugua Moshi. Anaomba likizo bila malipo, anapanda ndege, anauguza, anazika, anakaa na wadogo zake mpaka mambo ya urithi yatulie. Mwezi wa saba anarudi na kusimamishwa uwanja wa ndege. Kosa lake ni moja tu: hakuomba muda mrefu zaidi kabla ya kuondoka. Sheria inasema kwamba mwenye kibali cha kudumu anayesafiri kwa sababu ya muda kwa kawaida apewe muda huo, na barua moja ya kueleza hali ya mgonjwa ingeweza kumwokoa.

Ipo pia kadi nyingine, ukaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya, uliotokana na agizo la Umoja huo la mwaka 2003. Masharti yake yanakaribiana na ya kanuni ya jumla ya miaka mitano, lakini inakuruhusu kukaa nje ya Umoja mpaka miezi 12 mfululizo, na inakufungulia njia ya kuhamia nchi nyingine nyingi wanachama. Kwa Mwafrika mwenye wazazi wazee, mashamba na majukumu nyumbani, naona hiyo ndiyo kadi ya kuomba, hata ikibidi kusubiri muda mrefu kuliko kwenye njia fupi.

Wiki ijayo, katika sehemu ya mwisho, tutazungumzia uraia na yanayompata Mtanzania anayeuchukua. Kwa sasa, ndugu msomaji uliye Ujerumani, au mzazi mwenye kijana huko, fanya mambo matatu wiki hii: omba taarifa ya michango ya pensheni, soma tarehe ya mwisho ya pasipoti, na ujiandikishe kwenye kozi ya B1 kama bado hujafika ngazi hiyo.