Kamera ya lenzi mbili: Mkoba wa ngozi unavyoiua taratibu

Na Mwandishi Wetu

MTU anayerithi kamera ya zamani yenye lenzi mbili, awe Kariakoo au Kiegeani kisiwani Mafia, aghalabu hufanya jambo moja: huirudisha ndani ya mkoba wake wa ngozi, akaufunga na kuuweka juu ya kabati.

Hudhani ameihifadhi, kumbe ameanza kuiangamiza.

Kamera hiyo ilipata umaarufu mwaka 1929, pale kampuni ya Franke & Heidecke ya Braunschweig, Ujerumani, ilipotoa Rolleiflex. Baadaye zilifuata Yashica za Japani, Lubitel za Urusi ya Kisovieti na Seagull za China.

Lenzi ya juu ni ya kutazamia. Huingiza taswira hadi kwenye kioo kilichoinamishwa, nacho huirusha juu kwenye bamba la kioo chenye ukungu. Mpiga picha huishika kamera kifuani na kuinamisha kichwa kuitazama. Taswira husimama wima, lakini kushoto huonekana kulia.

Lenzi ya chini ndiyo inayopiga picha. Filamu yake, iitwayo 120, hutoa picha 12 za mraba wa sentimita sita kwa sita. Negativu moja ina eneo zaidi ya mara tatu ya ile ya filamu ya milimita 35, ndiyo maana picha zake hukuzwa bila kupoteza ung'avu.

Kwa kuwa lenzi mbili hazikai mahali pamoja, mtu aliyesogea karibu mno huweza kukatwa utosi. Dawa yake ni jozi ya lenzi za nyongeza za kupigia karibu. Ile ya juu huwa na kioo kinachorekebisha tofauti hiyo.

Vifaa vingine ni kikinga jua cha lenzi, waya wa kufyatulia, stendi ya miguu mitatu na chujio la njano. Chujio hilo hutia giza buluu ya anga katika filamu nyeusi na nyeupe, hata mawingu na tanga la jahazi vikajitokeza waziwazi.

Kifaa cha mwisho ni huo mkoba. Ulitengenezwa kwa ajili ya safari, si maghala. Katika hewa ya mwambao, hasa wakati wa masika, ngozi hufyonza unyevu na kuushikilia. Gizani humo kuvu huota, hutambaa juu ya lenzi kama utando wa buibui na hatimaye kuchimba kioo chenyewe. Kioo kilichochimbwa hakisafishiki.

Anayetaka kununua au kurithi kamera hiyo afungue mgongo wake, aweke shata kwenye herufi B, aifyatue na kuishikilia wazi, kisha amulike tochi kupitia lenzi. Utando ukionekana, ajue kuvu imeingia.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi si kamera. Kamera nyingine hupatikana. Negativu ya harusi ya bibi haipatikani tena. Kuvu hula pia utando wa jelatini unaobeba picha, na ukishaliwa huyeyuka kwa maji. Anayeifuta negativu kwa kitambaa kibichi huifuta na sura iliyomo.

Thamani ya hazina hiyo inafahamika Zanzibar, ambako studio ya Capital Art, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilijulikana kwa picha zake za kale za Mji Mkongwe na watu wake.

Kinga yake haihitaji fedha nyingi. Kamera itolewe mkobani, iwekwe ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu kama vile vinavyokuja na viatu vipya. Vipakiti vibadilishwe mara kwa mara. Negativu zitiwe kila moja katika bahasha yake ya karatasi, zikae pakavu, mbali na sakafu na bati.

Mkoba nao utunzwe, lakini kwenye rafu yake peke yake.