Kabla ya Kununua Kiwanja Dar es Salaam, Piga Hesabu ya Miaka Kumi

Mtu anayetafuta kiwanja Dar es Salaam huuliza bei kwanza. Dalali naye hutaja bei, hutaja ukubwa, kisha huongeza kwamba barabara inakuja na umeme uko karibu. Mnunuzi hulinganisha bei mbili tatu, huchagua iliyo nafuu na kutoa fedha. Gharama nyingine, ambazo zinaweza kuizidi bei ya kiwanja, huanza kudai baada ya hapo.

Gharama hizo hutokana na mipango ya jiji: barabara itapita wapi, bomba la maji litafika mtaa gani, eneo gani limetengwa kwa shule au soko. Mpango kabambe wa mwaka 1979 ulikaa miongo mingi bila mrithi, na unaofuata unahesabiwa kuanzia 2016 hadi 2036. Katikati hapo watu waliendelea kuja na kujenga. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya wakazi milioni 5.3 katika mkoa huu, na sehemu kubwa yao wanaishi kwenye makazi yaliyojengwa kabla ya kupimwa. Ndiyo maana anayenunua leo ana njia tatu mbele yake, kila moja na faida na deni lake.

Kiwanja kilichopimwa pembezoni

Hiki ndicho kinachosifiwa zaidi, na kwa haki. Kina namba, kina bikoni, yaani alama za mpaka, kwenye pembe zake, na kinaweza kupata hati ya hadi miaka 99. Hati hiyo benki huipokea kama dhamana ya mkopo, na watoto hurithi bila kugombania mpaka.

Tatizo ni umbali na huduma. Mwaka 2002 serikali ilianza mradi wa viwanja 20,000 katika maeneo ya pembezoni kama Bunju, Mbweni, Tuangoma, Kibada na Buyuni. Upimaji ulifanyika, lakini maji, lami na usafiri havikwenda kwa kasi hiyo, na viwanja vingi vilikaa miaka bila nyumba. Aliyehamia mapema alinunua maji ya boza na kubeba madumu, huku hati yake safi ikiwa kabatini.

Funzo jingine lilipatikana Mabwepande, nako pembezoni mwa jiji. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali iliwahamishia huko waathirika kutoka mabondeni na kuwapa viwanja. Ardhi ilikuwa salama, lakini riziki yao ilibaki mjini: vibarua, biashara ndogo, wateja waliozoeana nao. Wapo walioshindwa nauli, wakaviacha viwanja au kuviuza na kurudi karibu na mji.

Kiwanja kisichopimwa karibu na mji

Hapa mauziano hufanyika kwa karatasi mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na majirani wa pande nne wanatia saini. Bei huwa nafuu, umeme na maji vipo kwa jirani, na daladala inapita dakika chache kutoka mlangoni. Kwa fundi, mama lishe au muuza duka, ukaribu huo ni mtaji.

Hatari yake ni kwamba ile karatasi ya mauziano haikuonyeshi jiji limepanga nini juu ya ardhi hiyo. Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kwenda Kiluvya, ilikuwa na hifadhi ya mita 121.5 kila upande. Mwaka 2017, ilipofika zamu ya kupanua barabara hadi Kibaha, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi hiyo zilibomolewa. Kulikuwa na nyumba za matofali zenye umeme na maji, na familia zilizokaa humo miaka mingi. Kulipia bili za umeme na maji kila mwezi hakukuzizuia kuanguka.

Mnunuzi wa kiwanja cha namna hii asijidanganye pia kwamba atakwepa kodi. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani wakati wa kununua umeme, tangu 2021, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, iwe kwenye kiwanja kilichopimwa au kisichopimwa.

Kiwanja kwenye eneo lililorasimishwa

Njia ya tatu haizungumzwi sana, nayo ndiyo inayowafaa wengi. Urasimishaji ni kupanga na kupima mtaa ambao tayari una watu: wakazi hukubaliana kuachia kipande kidogo kwa ajili ya njia, mchoro huidhinishwa, bikoni huwekwa, na kila mmoja huweza kuomba hati. Wizara ya Ardhi iliwahi kuweka kikomo cha shilingi 150,000 kwa kiwanja ili wananchi wasinyonywe na kampuni za upimaji.

Bei ya kiwanja kilichorasimishwa huwa juu ya kile kisichopimwa jirani yake, na mara nyingi ukubwa ni mdogo. Njia zinaweza kuwa nyembamba. Lakini unapata ukaribu na usalama kwa pamoja. Angalia tu kazi ilifika hatua gani. Iko mitaa iliyochangishwa fedha, ikachorwa, kisha ikaishia hapo bila bikoni wala hati. Muuzaji akisema mtaa umerasimishwa, mwambie akuonyeshe namba ya kiwanja.

Nauli ndiyo inayogeuza hesabu

Tuchukue mfano. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kuwa shilingi 600 mwezi Desemba 2023. Kwa nauli hiyo, anayeishi karibu na kupanda gari moja hutumia shilingi 1,200 kwenda na kurudi. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni 31,200 kwa mwezi.

Sasa mchukue wa pembezoni anayepanda bodaboda ya 1,000 hadi kituoni, kisha daladala mbili za 600 kila moja. Kwenda ni 2,200, na kurudi ni hivyo hivyo. Kwa mwezi hutumia 114,400. Tofauti kati yao ni 83,200 kwa mwezi, yaani 998,400 kwa mwaka. Kwa miaka kumi inakaribia shilingi milioni 10 kwa mtu mmoja. Wakiwa wawili wanaotoka kila siku, baba na mama, zidisha mara mbili. Na hapo hatujahesabu saa za foleni wala nauli za wanafunzi.

Umeme nao hupimwa kwa umbali. Viwango vya shirika la umeme, TANESCO, vya mwaka 2022 vya kuunganishiwa umeme kwa maeneo ya mjini, njia moja, vilikuwa shilingi 320,960 pasipohitajika nguzo, 515,618 kwa nguzo moja na 696,670 kwa nguzo mbili. Kwa hiyo dalali akisema umeme uko karibu, hesabu nguzo kwa macho yako.

Kazi inaelekea wapi?

Umbali si adhabu kwa kila mtu. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016, anayefanya kazi mjini alipata njia ya pili kando ya kivuko. Serikali ilipoamua mwaka huo kuhamia Dodoma kwa vitendo, watumishi wengi waliokuwa wakitafuta kiwanja Dar es Salaam walipaswa kubadili hesabu yao. Kwala, mkoani Pwani, kumejengwa bandari kavu kando ya reli ya SGR, na anayetarajia kazi huko hana sababu ya kulilia kiwanja cha Tabata.

Lakini nunua kwa kilichojengwa, usinunue kwa kilichotangazwa. Mpango wa mji mpya wa Kigamboni ulitangazwa mwaka 2008, na kwa miaka kadhaa wakazi wa maeneo husika walizuiwa kuendeleza ardhi yao, wakisubiri fidia na mji ambao haukujengwa kama ulivyochorwa.

Kabla hujatoa fedha

- Nenda ofisi ya mipango miji ya manispaa uone mchoro wa eneo hilo. Uliza kiwanja kimepangiwa nini: makazi, barabara, shule au eneo la wazi.
- Kama kina hati, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ujue mmiliki ni nani na kama kimewekwa rehani.
- Tembelea mara mbili: siku ya mvua kubwa, na alfajiri ya siku ya kazi. Panda gari hadi kazini kwako na uhesabu nauli na muda.
- Malipo ya serikali yafanywe kwa kumbukumbu namba ya malipo, na upewe stakabadhi.

Uamuzi

Kwa familia ambayo riziki yake iko mjini kila siku, kiwanja kidogo katika mtaa uliorasimishwa ndicho bora, hata bei ikizidi kwa milioni kadhaa, kwa sababu akiba ya nauli itazirudisha. Kilichopimwa pembezoni kinamfaa mwenye kazi huko, au asiye na haraka ya kuhamia. Kisichopimwa kinunuliwe tu pale manispaa imethibitisha kwamba hakiko kwenye hifadhi, bonde wala eneo la umma.

Na halmashauri zinazouza viwanja zina wajibu pia. Zichonge barabara na kufikisha maji kabla ya kutangaza mauzo, na michoro ya mipango miji ibandikwe kwenye ofisi za serikali ya mtaa, ambako mwananchi anaweza kuisoma bila kumlipa mtu.

Wewe mnunuzi, usilipe hata shilingi ya utangulizi kabla hujauona mchoro huo.