Waandishi chipukizi, ajabu ziko hapa hapa Nakuru

JE, mwanao anapenda kutunga hadithi za nchi zisizokuwako? Au ni wewe mwenyewe, msomaji, unayekaa na daftari usiku wengine wakiwa wamelala? Mara nyingi, ukichungulia daftari la mwandishi chipukizi, utakuta nchi yake ina theluji, ngome za mawe na misitu ya misonobari, ingawa mwenyewe amezaliwa Lanet na theluji ameiona kwenye televisheni tu.

Si kosa. Kila mtu huanza kwa kuiga. Lakini anayeishi Nakuru, Gilgil au Naivasha hana haja ya kuazima ajabu za watu. Hali ya hewa ya Bonde la Ufa imegeuka mara nyingi, na kila ilipogeuka iliacha nchi mpya nyuma yake.

Anzia Hyrax Hill, kile kilima cha pimbi kilicho karibu na barabara kuu ya Nairobi, kilomita nne hivi kutoka mjini. Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938. Watu wengi huenda kutazama makaburi ya kale na mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Wachache huambiwa watazame chini ya kilima, ambako kuna alama za ufuo. Naam, ufuo! Ziwa ambalo leo unaliona kwa mbali lilifika hapo.

Ilikuwaje? Yapata miaka 10,000 iliyopita, jinsi dunia ilivyoinama ikilizunguka jua ilifanya kiangazi cha upande wa kaskazini kiwe na jua kali kuliko la leo. Joto hilo lilivuta pepo za mvua kwa nguvu. Hata Sahara ilikuwa na nyasi na maziwa. Huku kwetu, Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja, na maji yake yalisimama takriban mita 180 juu ya yalipo sasa. Sehemu kubwa ya mji wa leo ingekuwa makao ya samaki.

Ziwa Naivasha nalo lilijaa likamwagika upande wa kusini, na maji yake yakachonga korongo la Hell's Gate. Leo watalii hupita kwa miguu palipopita mto. Watengenezaji filamu wa ng'ambo walikwisha kupaona: baadhi ya sehemu za filamu ya Lara Croft iliyotoka mwaka 2003 zilipigwa hapo. Sisi twapeleka watoto kuchoma nyama tu!

Baadaye mvua zikapungua, na kufikia miaka 5,000 hivi iliyopita zama zile za neema zilikuwa zimekwisha. Jina lenyewe la Nakuru, kwa lugha ya Wamaasai, lina maana ya mahali pa vumbi. Fikiria hilo kidogo. Ziwa linaitwa vumbi! Mtunzi angekaa mwaka mzima asipate jina la namna hiyo.

Lakini hazina kubwa zaidi kwa mtunzi imo kwenye matope ya Naivasha. Kila mwaka tope jipya hulala juu ya la zamani, pamoja na mabaki ya wadudu na mimea midogo sana ya majini. Mimea ya maji matamu si ile ya maji ya chumvi, kwa hivyo anayejua kuisoma hutambua lini ziwa lilijaa na lini lilipungua. Mwaka 2000 Dirk Verschuren na wenzake wawili walichapisha matokeo ya uchunguzi wa matope ya Crescent Island, yenye habari za miaka 1,100.

Waligundua kwamba kuanzia mwaka 1000 hadi 1270 hivi, nchi ilikuwa kavu kuliko leo. Kisha mvua zikarudi kwa karne kadhaa, ila ukame ulikatiza mara tatu: 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840. Walipolinganisha miaka hiyo na masimulizi ya wazee wa Afrika Mashariki kuhusu njaa, vita na kuhama, vikakaribiana. Ya wazee hayakuwa porojo, basi.

Hapo ndipo mtunzi anapopata kazi. Makosa ya wengi ni kuanza na mfalme na upanga wake. Anza na maji. Uliza yanafika wapi mwaka ambao hadithi yako inaanza, na nani ana ng'ombe wengi kuliko malisho. Ziwa likiwa refu, wavuvi ndio matajiri na kilima ni ngome. Likikauka, ngome ile ile ni jiwe katikati ya uwanda, na bwana wa mitumbwi hana kitu. Sheria, matambiko, mahari na hata matusi ya watu wako yatafuata hapo.

Wakubwa wamepita njia hii. Mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka mwaka 1815, na mwaka uliofuata Ulaya ikakosa kiangazi. Mvua ilimfungia Mary Shelley ndani huko Uswisi, akaanza kutunga Frankenstein. Hapa Kenya, Wanuri Kahiu alitoa filamu ya Pumzi mwaka 2009, kuhusu Afrika Mashariki baada ya vita vya maji. Shaaban Robert yeye aliitundika Kusadikika angani mwaka 1951, akakwepa mambo ya mafuriko kabisa!

Usidhani haya ni ya kale tu. Katikati ya miaka ya 1990 Ziwa Nakuru lilipungua mno, heroe wakahama. Tangu mwaka 2010 hivi maji yakaanza kupanda, yakafunika lango kuu la mbuga, na yalipopungua chumvi heroe wakapungukiwa na mwani wanaoula. Mwaka 2020 wakazi wa mtaa wa Kihoto, Naivasha, walihama maji yalipoingia nyumbani, na mwaka 2025 yakawaingilia tena. Wengi walishangaa, kana kwamba ziwa limevamia nchi ya watu. Ziwa lilikuwa limerudi kwake, ila hapakuwa na hadithi iliyowaambia watoto kwamba kwake ni wapi.

Kama hujui pa kuanzia, chukua mwaka 1620. Ukame umedumu miaka sitini. Kuna watu waliozaliwa, wakaoa na kuzikwa juu ya ardhi iliyokuwa ziwa, na hawajui kingine. Ajuza mmoja, wa mwisho anayekumbuka mitumbwi, anawaambia wahamishe maboma yao kabla ya masika. Mkwewe anacheka. Kijana anayechunga mbuzi hacheki, kwa sababu asubuhi hiyo, kwenye unyayo wa ng'ombe, ameona maji yasiyotokana na mvua.