Mvuke Usioonekana: Juu ya Salama ya Maabara za Shule Chini ya Milima ya Uluguru

Asubuhi ya mwezi wa Februari, jua la Morogoro likiwa limekwisha kupanda juu ya bega la Uluguru na bati za madarasa zimeanza kulia kwa joto, wanafunzi wa kidato cha pili huingia maabara kupima kama jani la mti lina wanga. Jani huchemshwa kwanza katika maji, kisha hutumbukizwa katika spiriti ya moto hata rangi yake ya kijani iyeyuke na kuliacha limepauka kama karatasi, halafu huoshwa na kudondoshewa iodini, na palipo na wanga pakageuka weusi wenye kuelekea buluu. Sijapata kuona jaribio liwafurahishalo watoto kuliko hilo. Lakini katika miaka yangu yote ya kufundisha ndilo nililolihofu kuliko mengine, hata yale ya tindikali, kwa sababu hatari yake haionekani kwa jicho, haisikiki kwa sikio, na pua aghalabu huidharau.

Siku moja, katika shule ambayo sina haja ya kuitaja, binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha alininyoshea mkono na kusema, "Mwalimu, taa yangu imezimika, niongeze spiriti?" Chupa alikuwa amekwisha kuishika, na kifuniko amekwisha kukifungua. Nikamwambia, "Ngoja, mwanangu, weka chupa mbali kwanza." Nikachukua kipande cha karatasi nikakipitisha juu ya utambi, nacho kikasawijika, kikajikunja, kikashika moto. Taa ilikuwa inawaka muda wote ule. Mwali wa spiriti ni hafifu mno, na mwanga wa jua ukiingia dirishani humezwa wote, hata mtu mwenye macho mazima akaapa kwamba hapana moto. Laiti angalimimina, moto ungaliufuata mvuke mpaka mdomoni mwa chupa, ukaingia ndani, na chupa ikautema mbele kama mzinga, si juu yake yeye tu bali juu ya wenziwe waliokaa kumkabili. Na la kushangaza ni kwamba chupa iliyobakiwa na spiriti kidogo ni mbaya kuliko iliyojaa, kwani ile nafasi inayodhaniwa kuwa tupu imejaa mvuke uliochanganyika na hewa, tayari kulipuka.

Mtu akimwuliza mwanafunzi ni kitu gani kinachoungua katika taa ya spiriti, atajibu bila kusita kuwa ni spiriti. Jibu hilo si kosa, ila limepungukiwa na jambo lililo la msingi: kioevu chenyewe hakiungui, kinachoungua ni mvuke wake baada ya kuchanganyika na hewa. Kila kioevu chenye tabia ya kuwaka kina kiwango chake cha joto, na kikifika kiwango hicho hutoa mvuke wa kutosha kudaka cheche iliyo karibu. Mafuta ya taa hayafiki hapo mpaka yapate joto la nyuzi 38 za selsiasi au zaidi, na ndiyo sababu bibi zetu waliweza kuyatumia miaka mingi katika koroboi. Spiriti hufika hapo kati ya nyuzi 13 na 17. Petroli hufika hapo kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hapana mtu wa nchi hizi aliyepata kuiona nyumbani kwake. Sasa mji wetu umekaa yapata mita 500 tu juu ya bahari, na saa za masomo joto lake halishuki kufikia kiwango kile cha spiriti. Hivyo chupa ya spiriti ikiwa wazi juu ya meza katika maabara ya mjini Morogoro iko tayari kushika moto wakati wote, pasipo kupashwa. Pengine mwalimu wa huko juu Mgeta, asubuhi ya baridi ya mwezi wa Juni, ana nafuu kidogo. Mwalimu wa mjini hana.

Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Wa spiriti huizidi hewa kwa mara moja na nusu hivi, wa petroli kwa mara tatu au nne, na gesi ya mtungi, ambayo siku hizi shule nyingi huitumia kuwashia vichomeo, nayo huzama chini. Vitu hivi havipandi kama moshi wa kuni. Hushuka, vikatambaa sakafuni kama maji yatafutayo bondeni, vikauendea moto ulio upande wa pili wa chumba. Mwalimu anayenusa gesi akakimbilia kufungua madirisha ya juu na kuuacha mlango umefungwa amefanya nusu ya kazi, na nusu ndogo.

Nashika kalamu kwa uzito ninapofika hapa, kwa kuwa hapana mtu wa Morogoro asiyejua siku ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu na petroli ikamwagika barabarani. Watu walikusanyika, wengine wenye madumu, wengine waliopita tu, na moto ulipolipuka zaidi ya watu 100 walipoteza maisha yao, wale waliokufa papo hapo na wale waliofariki baadaye hospitalini. Mengi yalisemwa baada ya msiba ule kuhusu umaskini na tamaa, wala sikupendezwa na maneno ya kuwahukumu marehemu. Mimi niliwaza jambo jingine: kwamba miongoni mwa waliosimama pale walikuwamo vijana waliokaa madarasani miaka minne wakisoma kemia, nasi waalimu hatukupata kuwaonyesha kwa macho yao kwamba mtu anaweza kusimama hatua nyingi mbali na petroli huku miguu yake imo ndani ya petroli. Jambo hilo laweza kuonyeshwa mezani kwa matone machache ya spiriti, mfereji mfupi wa bati ulioinamishwa na mshumaa uliowekwa mwishoni mwake, mwalimu mwenyewe akiwa ndiye mtendaji na wanafunzi wamesimama mbali: mvuke hushuka ukafika kwenye mshumaa, na moto ukarudi juu kuifuata asili yake.

Kwa hiyo nasema kwamba salama ya maabara si orodha ya makatazo iliyobandikwa mlangoni. Orodha hizo nazijua. Zote huanza kwa "usi": usikimbie, usile, usionje, usiguse. Ni za haki, lakini mtoto aliyefundishwa makatazo bila sababu zake ni kama baharia aliyefundishwa majina ya miamba bila kuonyeshwa ilipo. Siku atakapokutana na hatari isiyotajwa katika orodha atakuwa hana la kumwongoza.

Haja hii imezidi tangu mwaka 2012, Rais Jakaya Kikwete alipoagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wananchi walichanga, wakasomba mawe na mchanga, na majengo yakainuka hata katika kata za milimani ambako gari hufika kwa taabu. Ilikuwa kazi kubwa, nami naistahi. Ila kujenga chumba ni rahisi kuliko kumpata fundi wa maabara, mtu ajuaye kuchanganya dawa, kutunza stoo na kukagua vifaa kabla ya kipindi. Na pale asipokuwapo, mwalimu mmoja hushika wadhifa wa watu wawili mbele ya wanafunzi hamsini.

Nije kwenye tindikali. Asidi ya salfuriki iliyo kali hukaribia kuwa na uzito mara mbili ya maji, na ikikutana na maji hutoa joto jingi kwa ghafula. Ukimimina maji juu yake, maji kwa wepesi wake huelea, yakachemka papo hapo pale yanapokutana nayo, yakairusha tindikali usoni mwa mtu. Kila aliyepata kukaanga maandazi na tone la maji likaangukia ndani ya karai ameona jambo linalofanana na hili. Ukifanya kinyume chake, ukaitia tindikali kidogo kidogo ndani ya maji mengi huku ukikoroga, tindikali huzama, na joto lake hugawanywa na maji yote. Kanuni yenyewe imeandikwa katika kila kitabu. Wanafunzi wanaokumbuka mfano wa maandazi ndio ambao sikupata kuwaona wakiikosea.

Katika upimaji wa ujazo, ile kazi ya bureti na pipeti inayorudi kila mwaka katika mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, ubaya mkubwa ni desturi ya kunyonya pipeti kwa mdomo. Nalijua jambo hili kwa ulimi wangu. Nilipokuwa mwanafunzi, ncha ya pipeti yangu ilitoka juu ya kioevu nami ningali navuta, hewa ikaingia kwa nguvu, na magadi makali yakanirukia kinywani. Hayakuwa na uchungu kama nilivyotazamia. Yalikuwa na utelezi, kama mtu aliyelamba sabuni, na baadaye ndipo nilipoelewa kwamba utelezi ule ulikuwa wa utando wa kinywa changu wenyewe unaogeuzwa kuwa sabuni. Nilisukutua kwa maji mengi nikasalimika, kwa kuwa dawa ilikuwa imezimuliwa sana. Hapana sababu ya mtoto yeyote kuyapitia hayo. Pasipo na mpira wa kuvutia, bomba la sindano lililo jipya, la mililita 20 au zaidi, likiunganishwa na pipeti kwa kipande kifupi cha mpira, huvuta kioevu vizuri na kukishusha kwa utulivu mpaka kwenye alama.

Jicho nalo lina hesabu yake. Likirukiwa na tindikali au magadi, dawa yake ni maji safi, tena mara moja, wala si kutafuta kitu cha kupingana nayo. Maji yapite juu ya jicho lililofunguliwa kwa dakika 15 zisizopungua, ndipo mgonjwa apelekwe hospitali. Bomba la kuoshea macho lililotengenezwa kwa kazi hiyo hutoa angalau lita moja na nusu kwa dakika. Zidisha kwa 15, utapata lita 22 na nusu. Maana yake ni kwamba ndoo moja ya lita 20, ambayo shule nyingi huiweka pembeni na kuona zimetimiza faradhi, huisha kabla ya wakati. Ziwe ndoo mbili, zenye koki na mpira laini, zimewekwa juu ya meza imara, zimefunikwa, na maji yake yabadilishwe kila Jumatatu. Shule zilizo kwenye miteremko ya Uluguru zina neema ambayo wenzao wa mbugani hawanayo, kwani kijito kikitegwa juu kidogo ya shule hushuka chenyewe kwa mfereji pasipo mashine wala umeme. Lakini nimeingia maabara moja ambamo mfereji ulifika hadi bustanini na haukuingizwa chumbani, mita 10 tu zilizosalia.

Milima hiyohiyo iletayo maji huleta na unyevu. Upande wa mashariki, kwenye mvua nyingi za Kinole na Matombo, magadi makali yakiachwa wazi hunywa maji ya hewa hata yakayeyuka yenyewe, na karatasi za majina hulowa, zikaoza, zikabanduka, na zilizosalia mende huzila kwa ajili ya gundi. Chupa isiyo na jina ni adui. Andika jina kwa kalamu ya risasi, ambayo haifutwi na maji wala spiriti, kisha ubandike juu yake utepe mpana ung'aao. Na asikubali mtu kukadiria kwa rangi. Mrututu, ambao wazee wa pwani waliuuza katika maduka ya dawa kwa kutibia vidonda, una buluu ya kupendeza inayomwita mtoto mdogo, nao ni sumu ukinywewa. Na chumvi nyeupe zilizomo stooni, ya jikoni, ya bari na ya risasi, zikiwa ndani ya chupa zilizofanana hapana jicho liwezalo kuzipambanua.

Limebaki swali ambalo wanafunzi huliuliza kuliko waalimu: vitu hivi vikimwagwa katika sinki huenda wapi? Hapa kwetu jibu lina majina. Maji ya mji huu huishia Ngerengere, na Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu ndio mto unaonywewa na watu wa Dar es Salaam. Tindikali iliyozimuliwa ikapatanishwa na magadi hadi isigeuze rangi ya karatasi ya litimasi yaweza kumwagwa pamoja na maji mengi. Lakini mabaki ya risasi hayafai kabisa kwenda huko. Katika maabara niliyoitumikia tuliweka dumu la lita 20 chini ya meza ya mwalimu, limeandikwa RISASI kwa rangi nyekundu, na kila kikundi kilipomaliza upimaji wa chumvi kilimimina humo; mwisho wa muhula tulitia magadi, risasi ikaganda na kuzama kama unga mweupe, tukauchuja, tukaukausha na kuufunga ndani ya chupa nene, kusubiri maelekezo ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mavuno ya muhula mzima wa kidato cha nne hayakujaza kikombe cha kahawa.