Mshauri akiwa jirani: huruma na siri katika tiba ya mazungumzo

Githongo, kaunti ya Meru, si mahali pa kujificha. Mkulima anayepeleka majani chai kituoni jioni humkuta shemeji yake kwenye foleni ya mizani, na karani anayeandika kilo zake huenda anaimba naye kwaya moja. Bonasi ya chai ikitoka, kijiji kizima hujua nani amelipa karo na nani amelipa madeni. Mtu wa hapa akiandamwa na huzuni isiyoisha, au akikosa usingizi tangu amzike mwanawe, hujiuliza jambo moja kabla ya kubisha mlango wa mshauri nasaha: nikimweleza, maneno yangu yataishia wapi?

Swali hilo linagusa kiini cha tiba yenyewe. Mwaka 2018 watafiti walichapisha uchambuzi uliounganisha matokeo ya tafiti 295 kuhusu uhusiano wa mshauri na mteja. Waligundua kwamba pale uhusiano ulipokuwa imara, wagonjwa walielekea kupata nafuu zaidi, hata mbinu za tiba zilipotofautiana. Mwanasaikolojia Edward Bordin alikuwa ameueleza uhusiano huo mwaka 1979: kuaminiana, kukubaliana mnataka kufika wapi, na kukubaliana kazi itakayowafikisha. Mteja anayehofia umbeya hawezi kumwamini mshauri wake, na asiyemwamini atamweleza habari za usingizi tu huku akiyameza yanayomkosesha huo usingizi.

Huruma ya mshauri, kwa hiyo, haipimwi kwa machozi yake wala kwa kusema "pole" mara nyingi. Ni kusikiliza bila kuhukumu, kumwachia mteja uamuzi wa maisha yake, na kujizuia. Kujizuia ndiko kugumu zaidi. Mshauri hamkopeshi mteja pesa, hamwingizi katika biashara yake, hamgeuzi kuwa mpenzi. Ana nguvu ambazo mteja hana, kwa sababu anamjua mwenzake kwa undani ilhali yeye mwenyewe hajulikani hivyo. Ndiyo maana Kenya ilipitisha Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili washauri na kuwaadhibu wanaokiuka maadili. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inaziweka habari za afya ya mtu, pamoja na afya ya akili, miongoni mwa data nyeti.

Vitabu vya maadili vingi vimeandikiwa miji mikubwa, ambako mshauri na mteja hawakutani tena hadi juma lijalo. Kijijini watakutana sokoni kesho. Njia nzuri ni kulizungumza jambo hilo mapema, kabla halijatokea: "Tukikutana njiani, mama, nitasubiri unisalimie wewe kwanza. Usiponisalimia, sitakasirika." Maneno machache hayo humpunguzia mtu mzigo mkubwa. Na ikiwa mteja ni mke wa mtu walio naye chama kimoja, mshauri mwaminifu humweleza waziwazi na kumtafutia mshauri mwingine wa kumhudumia, hata kama ni Meru mjini.

Kisha kuna zawadi. Mteja aliyepata nafuu analeta trei ya mayai. Kuyakataa kwa ukali ni kumvunjia heshima, na kuyapokea kila wiki ni kugeuza mayai kuwa malipo ya siri. Kwa maoni yangu, mayai ya shukrani mwishoni mwa tiba yapokelewe kwa mikono miwili. Mbuzi au bahasha ya pesa hapana.

Wameru wamezoea pia kusuluhishwa na wazee, na baraza lao, Njuri Ncheke, linaheshimika hadi leo. Lakini baraza la wazee hutafuta haki na amani baina ya watu, kwa hiyo kesi husikilizwa mbele ya wengine. Mwenye sonona hana kesi.

Siri nayo ina kikomo. Mtu akiwa karibu kujidhuru au kumdhuru mwingine, au mtoto akiwa anateswa, mshauri atalazimika kuhusisha wengine. Mteja ana haki ya kuambiwa hivyo siku ya kwanza, kabla hajafungua moyo. Kwa miaka mingi Wakenya waliogopa kutaja mawazo ya kujiua kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Sasa mshauri anaweza kumuuliza mtu moja kwa moja kama anafikiria kufa; kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani.

Wataalamu ni wachache mashambani, hivyo kazi kubwa itawaangukia wahudumu wa afya ya jamii, ambao ni majirani wa wagonjwa wao. Inawezekana: utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha wanawake 421 Nairobi, ulionyesha kwamba wahudumu wa aina hiyo, wakifunzwa na kusimamiwa, walipunguza msongo wa akili kwa vikao vitano tu. Usimamizi huo ndio usiachwe, maana mhudumu aliyelemewa na siri za kijiji bila msimamizi wa kumweleza ataishia kumweleza jirani.

Wewe unayefikiria kumwona mshauri, muulize mapema: umesajiliwa na bodi? Nani mwingine atasoma faili yangu? Ni mambo gani yatakufanya uitoe siri yangu? Akikereka kwa kuulizwa, tafuta mwingine.